Peni za nyundo: kusoma kwanza, bei baadaye

Peni ya fedha, yaani sarafu ndogo ya kale ya Uingereza, iliyoandikwa HENRICVS REX (Kilatini cha "Mfalme Henry"), mtu yeyote ataiita ya mfalme Henry, na huwezi kumlaumu. Lakini peni zilizofuliwa Uingereza kuanzia 1180 hadi 1247 zote zina jina hilohilo, ilhali katika miaka hiyo walitawala wafalme wanne: Henry II, Richard I, John na Henry III. Richard hakutoa hata sarafu moja yenye jina lake ndani ya Uingereza. John jina lake utalikuta kwenye sarafu za Ireland. Kwa hiyo anayetamani peni ya Richard Moyo wa Simba inabidi atafute sarafu yenye jina la baba yake, kisha aitambue kwa nywele, ndevu na maumbo ya herufi. Nilipoelewa jambo hilo moja, nikawa nimenaswa.

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Northampton, katikati ya Uingereza. Kazi inayonilisha ni nyingine kabisa. Sarafu nazishughulikia jioni na mwisho wa wiki: nanunua mafungu ambayo hayajatambuliwa, nazisoma moja moja, nabakiza chache, nyingine nauza. Kwa anayetaka kuingia humu neno langu ni fupi: soma kwanza, bei baadaye. Karibu faida yote niliyoipata imetoka kwenye herufi ambazo aliyeniuzia hakujipa muda wa kuzitazama.

Kwanza ujue zilivyotengenezwa, maana kasoro zake nyingi zinatoka hapo. Hadi 1662, mashine ilipochukua kazi moja kwa moja, sarafu za Uingereza zilifuliwa kwa mkono. Muhuri wa chini ulichomekwa kwenye gogo, kipande chembamba cha fedha kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukashikiliwa juu ya fedha, nyundo ikashuka. Pigo likienda upande, nusu ya maneno hayatoki. Muhuri ukicheza, uso wa mfalme unatoka mara mbili. Ndiyo maana peni nyingi zimekolea upande mmoja na kufifia mwingine, na si lazima iwe ni uchakavu. Palipochakaa, sehemu zilizoinuka ndizo zimelika na kuwa laini. Palipokosa pigo, fedha bado ina ukwaru wake wa kabla ya kugongwa. Wauzaji wengi huviita vyote "imechakaa", bei ikashuka bila sababu. Hapo mwenye macho ananunua.

Mezani kwangu hakuna mengi. Kuna lenzi ya sonara, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na taa moja ya shingo ndefu. Taa hiyo ndiyo kila kitu. Ukimulika sarafu kutoka juu utaona bamba la kijivu. Ishushe taa mpaka mwanga upite sambamba na meza, na herufi zinaanza kusimama zenyewe kwa vivuli vyao. Kisha zungusha sarafu polepole. Herufi ambayo haikuonekana kutoka kusini itaonekana kutoka mashariki.

Uzito nao unasema mapema. Peni ya karne ya 13 ilitakiwa iwe karibu gramu 1.4. Mwaka 1351 ikapunguzwa hadi kama gramu 1.17, mwaka 1412 ikashuka hadi chini kidogo ya gramu moja, na mwaka 1464 ikafika kama gramu 0.78. Kwa hiyo peni ya Edward yenye gramu 1.38 huwezi kuipeleka kwa Edward IV hata kama jina linafanana. Lakini angalizo: nyepesi haimaanishi ya baadaye. Huenda wezi wa fedha waliikata kingo.

Nikupe mfano. Katika fungu moja la peni zilizotoka ardhini kulikuwa na moja ya aina tunayoiita ya msalaba mfupi, yaani zile za 1180 hadi 1247, ambazo msalaba wa nyuma haufiki ukingoni; ilikuwa nyeusi, imejikunja kidogo. Upande wa uso ulibaki na ENRIC, basi. Nyuma, baada ya taa kushushwa, zikajitokeza LGER, nafasi, ON, kisha LV. Sarafu hizi nyuma yake huandikwa jina la mfua sarafu, neno ON, halafu mji. Aliyekosa herufi ya kwanza hapo ni Ilger, na LV ni London. Ilger ni jina linalokutwa kwenye peni za London za miaka ya mwanzo ya Henry III. Kutoka hapo nikarudi upande wa uso kutazama vishungi vya nywele: vibaya, vimekaa kihovyohovyo, kazi ya watu waliokuwa wakifua kwa wingi na kwa haraka. Vyote vikakubaliana. Sarafu iliyoingia kama "ya nyundo, haijulikani" ikatoka na mtu wake, mji wake na kipindi chake.

Peni za msalaba mfupi zimegawanywa katika madaraja manane, na kuyajua si lazima uwe profesa. Za mwanzo kabisa, za Henry II, zina sura iliyochorwa kwa uangalifu, na vishungi viwili upande wa kushoto na vitano kulia. Daraja la nne unalijua kwa ndevu za vinukta. Mwaka 1205 John aliagiza sarafu zirekebishwe, na toleo la kwanza la marekebisho hayo lina herufi S iliyogeuzwa nyuma mbele. Ukiiona hiyo S, umeshamshika John. Nimeuza peni za aina hiyo kwa watu waliokuwa wakimtafuta John kwa muda mrefu, nami nilizinunua kwa bei ya Henry yeyote tu. Anayeuza alikuwa amesoma jina la mfalme akaishia hapo.

Majina ya wafua sarafu hayakuwekwa kwa mapambo. Yalikuwa dhamana. Sarafu ikikutwa ina fedha pungufu, jina la mhusika limeandikwa juu yake. Mwishoni mwa 1124 Henry I, aliyechoshwa na sarafu mbovu, aliamuru wafua sarafu wa Uingereza waitwe Winchester, na wengi wao walikatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Kila nikisoma NICOLE ON CANT (Nicole wa Canterbury) au RENAVD ON LVND (Renaud wa London) nakumbuka kwamba hilo ni jina la mtu aliyejua hatari ya kazi yake. Kulisoma vibaya kwa uvivu naona ni kumkosea adabu.

Mwaka 1247 ukaja msalaba mrefu. Mikono ya msalaba ilifikishwa hadi ukingoni ili mwizi akikata ukingo ionekane. Hapa kazi ya kutambua ni rahisi kidogo: Henry III sasa anajitaja kuwa wa tatu, kwa TERCI au kwa III, na madaraja ya mwanzo hayana fimbo ya kifalme ilhali ya baadaye anaishika mkononi. Msalaba huo ulikuwa pia mstari wa kukatia. Peni ilikatwa katikati ikawa nusu, nusu ikakatwa ikawa robo, na hiyo ndiyo iliyokuwa chenji ya sokoni. Wanaoanza mara nyingi huvidharau vipande hivi. Mimi huwashauri waanze navyo: bei yake ni ndogo, na hakuna kitu kinachokufundisha kusoma kama kipande chenye herufi nne tu.

Wizi wa kingo haukuisha na msalaba mrefu. Mwaka 1278 lawama iliangushwa juu ya Wayahudi wa Uingereza. Mamia walikamatwa na mamia wakanyongwa London, ingawa Wakristo nao walikata sarafu na adhabu yao haikuwa na uzito huo. Mwaka 1290 Wayahudi wote walifukuzwa nchini. Ninapouza peni ya Henry III iliyokatwa kingo, historia hiyo naiandika kwenye maelezo. Mnunuzi ana haki ya kujua kilichowapata watu kwa ajili ya vipande hivyo vya fedha.

Kisha wanakuja akina Edward, na hapo ndipo penye soko kubwa zaidi. Mwaka 1279 Edward I alitoa sarafu mpya, uso wa mbele EDW R ANGL DNS HYB (Edward, mfalme wa Uingereza, bwana wa Ireland), nyuma jina la mji tu: CIVITAS LONDON, CIVITAS CANTOR, VILLA BEREWICI na kadhalika. Majina ya wafua sarafu yakaondolewa, isipokuwa kwa Robert de Hadeleie wa Bury St Edmunds, ambaye aliendelea kuandikwa. Ukikuta sarafu ya Edward ambayo nyuma yake haisomeki kama mji, jaribu ROBERT kabla hujakata tamaa.

Peni ya Edward ya London iliyochakaa ni kitu cha pauni 20 au 30, na zipo tele. Lakini ndani ya wingi huo mna vito. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Durham, mji ambao askofu wake alikuwa na haki ya kufua sarafu. Askofu Bek aliweka msalaba wake wenye ncha zilizopasuka mwanzoni mwa maneno. Beaumont aliweka simba. Kellawe, aliyeshika kiti kuanzia 1311 hadi 1316, alifanya jambo zuri zaidi: mkono mmoja wa msalaba wa nyuma ameupinda kwenye ncha, ukawa fimbo ya kiaskofu. Ukitazama haraka utadhani ni kasoro ya pigo. Mara yangu ya kwanza kuiona niliita watu wa nyumbani waje waitazame kwenye lenzi, kila mmoja kwa zamu yake. Mtu alikaa na patasi miaka mia saba iliyopita akaupinda ule mkono kwa makusudi, ili kila peni iliyopita sokoni imtaje askofu bila kumwandika jina.

Kwenye mafungu ya akina Edward huwa mmejificha pia wageni. Uso wa mfalme ukitazama pembeni badala ya kukutazama wewe, na nyuma kuna nyota, simama: hiyo ni ya Alexander III wa Scotland, na mara nyingi thamani yake inapita ya Edward wa kawaida. Uso ukiwa ndani ya pembetatu, ni ya Ireland. Na kuna zile zilizofuliwa ng'ambo, Flanders, Luxembourg na majirani zao, na mabwana walioiga peni ya Uingereza kwa sababu wafanyabiashara waliiamini. Edward I alizipiga marufuku mwishoni mwa karne ya 13. Leo kuna wanaokusanya hizo tu, na wanalipa vizuri.

Mpwa wangu aliniuliza kwa simu, "Mjomba, sasa peni moja wakati huo ilinunua nini?" Nikamwambia kibarua wa shamba alipata kama peni moja na nusu kwa siku, kwa hiyo aliyeidondosha ile peni shambani aliondoka na huzuni ya kweli. Halafu nikamtajia Kilwa, maana Waingereza hawakuwa peke yao. Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331, Uingereza ikiwa chini ya Edward III, masultani wa Kilwa nao walikuwa na sarafu zao za shaba, hazina tarehe, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande mwingine, na pande hizo mbili zina vina. Mtu wa pwani akishika peni ya Edward hashiki kitu kigeni kabisa. Ni kazi ileile ya mikono, ya miaka ileile.

Sasa bandia. Zipo za aina nyingi, lakini nyingi hujisaliti kwa mambo machache. Sarafu ya kweli iligongwa, kwa hiyo metali imesukumwa, na chini ya lenzi utaona fedha imetiririka kuelekea ukingoni. Bandia iliyomiminwa ina uso laini kama sabuni, vitundu vidogo vya hewa, na wakati mwingine mshono uliopigwa tupa kwenye ukingo. Pima uzito: za bati zinazouzwa kama ukumbusho huwa haziendani na viwango nilivyovitaja. Na sarafu mbili zenye ufa uleule mahali palepale, na ukingo wenye umbo lilelile, haziwezi zote kuwa za kweli, maana nyundo hairudii. Kabla ya kununua kitu cha bei, tafuta picha za sarafu nyingine za aina hiyo kwenye kumbukumbu za minada, utafute pacha wake. Ukimpata, weka pesa yako mfukoni.

Kusafisha? Usisafishe. Weusi juu ya fedha ya kale ndio ngozi yake, na wanunuzi wanaojua wanautaka ubaki. Udongo uliokauka nauloweka kwenye maji yaliyosafishwa, basi. Hakuna mswaki, hakuna dawa ya kung'arishia vijiko. Wala usijaribu kunyoosha iliyojikunja. Fedha iliyokaa ardhini karne saba huwa tete, itakatika mkononi mwako. Zaidi ya hayo, nyingine zilikunjwa kwa makusudi: mtu wa zama zile akiwa na mgonjwa au yuko baharini kwenye dhoruba, alikunja peni huku akiweka nadhiri ya kuipeleka kwa mtakatifu fulani. Ukiinyoosha umeifuta nadhiri ya mtu.

Sheria nayo naipa uzito mkubwa, na hapa simwonei mtu haya. Sarafu nyingi za nyundo zinazoingia sokoni zimetoka mashambani, zimepatikana na watu wenye mashine za kutafuta metali. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa zaidi ya miaka 300, zikitoka sehemu moja, ni hazina, na aliyezipata ana siku 14 kumjulisha mchunguzi wa serikali aitwaye coroner. Peni moja iliyopatikana peke yake kwa kawaida si hazina, lakini inaweza kusajiliwa kwa hiari kwenye Portable Antiquities Scheme, mpango ulioanza 1997 na unaosimamiwa na British Museum pamoja na makumbusho ya Wales. Hifadhidata yake iko wazi bila malipo, nami nimejifunza mengi mle kwa kulinganisha picha tu.

Kwa hiyo nina maswali kabla sijatoa pesa. Ilitoka wapi? Mwenye shamba aliridhia? Imesajiliwa? Muuzaji mmoja aliniletea peni kadhaa za msalaba mrefu, zote zina udongo wa rangi moja, akasema hakumbuki shamba. Nilikataa zote, ingawa bei ilikuwa nzuri na moja niliitamani sana. Kuna watu wanaoingia usiku kwenye maeneo ya kale yanayolindwa, wanachimba na kuondoka, na kila anayenunua bila kuuliza ndiye anayewalipa mafuta ya gari. Sarafu ikishang'olewa hivyo, kile ambacho ingetuambia kuhusu kijiji, soko au njia iliyopotea hakirudi tena.

Ndiyo maana kila sarafu inayotoka kwangu ina kadi. Juu ya kadi naandika mfalme, daraja, mji, mfua sarafu, uzito, nambari ya katalogi ya Spink ambayo wafanyabiashara wote wanaitumia, mahali ilipopatikana kama napajua, na nilinunua kwa nani. Herufi zisizoonekana naziweka kwenye mabano, sizijazi kimyakimya. Kama sina uhakika kati ya madaraja mawili nayaandika yote mawili. Wapo walioniambia hilo linapunguza bei. Kwa mnunuzi wa siku moja, pengine. Lakini wanunuzi wangu wengi ni walewale wanaorudi, na wanarudi kwa sababu ya ile kadi.

Bei usiitoe kwenye katalogi moja kwa moja. Bei za katalogi ni za sarafu nzuri kwenye duka la mtu mwenye jina. Wala usitazame bei wanazoomba watu mtandaoni, tazama zile zilizolipwa kweli mnadani. Toa ada ya mnada, posta ya kusajiliwa na bahasha ngumu, ndipo ujue kama kuna faida. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga uleule uliosomea, na kama kuna ufa, tundu au jeraha la jembe, lipigie picha yake. Uuzaji wa hobi hapa hausamehewi kodi kwa kuwa mdogo tu: mapato ya biashara ya zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, yanahitaji kutangazwa, basi weka risiti. Na kabla ya kumtumia mnunuzi wa nje ya nchi, soma masharti ya leseni ya kusafirisha vitu vya kale vilivyotoka ardhini.

Watu huniuliza kuhusu ile peni ya dhahabu ya Henry III, ya mwaka 1257, iliyopatikana shambani Devon na kuuzwa mnadani Januari 2022 kwa pauni 540,000 kabla ya ada. Ni kweli, na ni sarafu ya ajabu. Wakati wake ilihesabiwa sawa na peni 20 za fedha na watu hawakuipenda. Lakini anayeingia humu kwa ajili ya hiyo atachoka mapema. Pesa ya hobi hii ni pauni kumi hapa, kumi na tano pale, na nyingi yake inarudi kununua fungu linalofuata.

Siku hizi nimeelekeza macho yangu kwenye msalaba mrefu wa miji ya mikoani. Mwaka 1248 Henry III alifungua karakana kwenye miji mingi ili watu wabadilishe sarafu zao za zamani, na kufikia 1250 zikawa zimefungwa: Hereford, Carlisle, Ilchester, Wallingford, Wilton, na hapa kwetu Northampton. Kwa kuwa zilifanya kazi muda mfupi, peni zake ni adimu kuliko za London na Canterbury, lakini kwenye mafungu huwa zimechanganywa humohumo. Shida ni kwamba Northampton na Norwich zote zinaanza na NOR, na mara nyingi hizo ndizo herufi pekee zilizosalia. Hapo jina la mfua sarafu ndilo linaloamua, kwa hiyo nimetengeneza orodha yangu ya majina ya kila mji na kuibandika ukutani juu ya meza. Ya Northampton ninayo na siiuzi. Ya Wilton bado naitafuta, na ikija ikiwa na jina la mji linalosomeka, nayo haitaona mnada.